Kumrithisha Mhusika Mpya Jina la Shujaa: Mwongozo kwa Waandishi na Wachoraji wa Katuni

Katika toleo la 87 la Green Lantern, lililotoka mwishoni mwa mwaka 1971, msanifu majengo mweusi aitwaye John Stewart anakabidhiwa pete ya kijani ambayo wasomaji walizoea kuiona kidoleni mwa Hal Jordan. Anavaa sare yote. Akifika kwenye kinyago, anakikataa: yeye hana cha kuficha. Dennis O'Neil aliyeandika na Neal Adams aliyechora walitumia nafasi ndogo sana kwa tukio hilo, lakini ukishaliona huwezi tena kumchanganya John na Hal, hata ukurasa ukitolewa rangi zote.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika au kuchora mashujaa kwa Kiswahili na anataka jina la shujaa lipokewe na mtu wa aina nyingine kabisa: mwanamke baada ya mwanamume, Mwislamu baada ya Mkristo, mwenye ulemavu baada ya asiye nao. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Rangi, dini, jinsia au ulemavu wa mrithi bado si hadithi. Hadithi inaanza pale mambo hayo yanapokwaruzana na jina alilopokea, mpaka jina lenyewe likabadilika.

Tutatembea na mfano mmoja wa kubuni. Tuseme una shujaa aitwaye Mwewe. Wa kwanza alikuwa kuli wa bandari ya Tanga miaka ya 1970: mwanamume wa kifua wazi, filimbi shingoni, ambaye jicho lake lilikamata jahazi la magendo likiwa bado nukta baharini. Anayempokea ni Rehema, msichana wa miaka 23 mwenye ualbino. Jua linamuunguza, na kama watu wengi wenye ualbino, ana uoni hafifu. Yaani Mwewe asiyeona mbali. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu ni mgumu.

Hatua ya 1: Jua jina lako ni la aina gani

Majina ya mashujaa hayarithiwi kwa njia moja. Yako yaliyo cheo. Black Panther ni kiti cha Wakanda, ufalme wa kubuni wa Afrika, na kiti hakikai kitupu: T'Challa alikipokea kwa baba yake, na mwaka 2009 dada yake Shuri akalivaa vazi hilo katika komiki. Ndiyo maana Chadwick Boseman alipofariki Agosti 2020, watengenezaji wa filamu ya 2022 hawakulazimika kutafuta mwigizaji wa kufanana naye. Waliomboleza mbele ya watazamaji, kisha kiti kikapata mtu wake.

Yako yaliyo kikosi. Pete za Green Lantern ni nyingi na wenye nazo ni wengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kumwingiza mmoja si kumtoa mwingine. Yako pia majina ya kuokota: Barry Allen wa mwaka 1956 alijiita Flash kwa sababu alikuwa msomaji wa komiki za Flash wa zamani, Jay Garrick, aliyeanza mwaka 1940.

Gumu kuliko yote ni jina lililoshonwa kwenye maisha ya mtu mmoja. Spider-Man ni Peter Parker, kijana wa Queens aliyemwachia mwizi apite, mwizi huyo akaja kumuua ami yake. Ukimpa mtu mwingine jina la namna hiyo, msomaji atauliza kwa nini, na ana haki.

Sisi tuna faida hapa. Mtoto akipewa jina la babu, ukoo hauoni kwamba babu amefutwa; wajina ni furaha, na mtoto anatazamwa kama atalibeba jina vizuri. Jina Mkwawa halikuzikwa na mtawala wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898: mjukuu wake Adam Sapi Mkwawa alikuwa chifu kwa jina hilo, kisha akakaa kiti cha Spika wa Bunge la Tanzania. Msomaji wako anazifahamu hisia hizi kabla hujaandika neno. Zitumie.

Mwewe wetu ni wa aina ile ngumu. Hakuna baraza lililomteua wala pete iliyomchagua. Kwa hiyo hatua mbili zinazofuata haziwezi kurukwa.

Hatua ya 2: Mwondoe wa kwanza bila kumdhalilisha

Usimfanye mzee mjinga ili kijana aonekane na akili. Msomaji aliyempenda wa kwanza atamchukia wa pili, na chuki hiyo utakuwa umeiandika wewe. Usimuue pia kwa haraka eti kuokoa kurasa.

Angalia jinsi Sam Wilson alivyoipokea ngao ya Captain America mwaka 2014. Steve Rogers, wa tangu mwaka 1941, alipotewa na kile kilichokuwa kikimzuia kuzeeka. Akawa mzee kweli, mikono ikaishiwa nguvu, akili ikabaki nzima. Akamkabidhi ngao rafiki ambaye alianza kuonekana kwenye kurasa hizo mwaka 1969 akiwa Falcon. Miaka 45 ya kutembea pamoja! Hakuna aliyeweza kusema Sam ametoka kusikojulikana. Ukipanga kumrithisha mtu jina, mwingize mapema, mpe kazi ndogo, mwache azoeleke.

Kwa Mwewe, mzee wetu haoni tena. Mtoto wa jicho umemfunika macho yote mawili, na hospitali ameikwepa miaka mingi kwa kiburi. Amekaa barazani Chumbageni, anasikiliza mtaa. Rehema ni jirani anayemsomea gazeti, akiwa ameliweka karibu na pua. Toleo zima la kwanza wafanye hivyo tu: msichana anayeona karibu anamsomea mzee aliyewahi kuona mbali.

Hatua ya 3: Mpe mrithi sababu ambayo ni yake peke yake

Hapa ndipo kazi nyingi hufa, kwa hiyo nitakaa.

Miles Morales, aliyelirithi jina la Spider-Man na aliyeanzishwa na Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli mwaka 2011, ni kijana wa Brooklyn mwenye baba Mmarekani mweusi na mama wa asili ya Puerto Rico. Maelezo hayo yangetosha kujaza tangazo la gazeti. Yasingetosha kujaza kitabu. Kinachomsukuma ni kwamba alipata nguvu zake wakati Peter Parker wa ulimwengu wake Miles (komiki hizi zina ulimwengu zaidi ya mmoja) bado yu hai, akazificha kwa sababu alitaka kuishi kama kijana wa kawaida. Peter akafa. Miles akabaki na swali: ningejitokeza, angepona? Akavaa vazi. Na wa kwanza kumwona wakamwambia si adabu kuvaa nguo za marehemu.

Ona jinsi sababu ile inavyofanana na ya Peter bila kuinakili. Wote wawili walinyamaza palipotakiwa kutenda, lakini Peter alinyamaza kwa kiburi, Miles kwa woga wa mtoto. Jina limebeba jambo moja, watu wawili wamelifikia kwa njia mbili. Kaa na karatasi, andika sentensi moja: jina hili linasimamia nini hasa? Kisha andika ya pili: mtu huyu mpya anakihitaji kitu hicho kwa sababu gani ambayo wa kwanza hakuwa nayo? Usianze kuchora kabla sentensi hizo mbili hazijakaa sawa.

Sababu ya kwanza iliyonijia kwa Rehema ilikuwa kisasi: wawindaji wa watu wenye ualbino walimfuata alipokuwa mtoto, Mwewe akamficha. Niliitupa. Ingemfanya awe mwathirika aliyevaa vazi, na kila toleo lingekuwa kumbukumbu ya mateso yake. Badala yake Rehema ni karani wa mizigo bandarini. Kazi yake ni makaratasi, na kwa kuwa husoma herufi moja moja akiwa ameinamia meza, huona ambacho wenzake wanakipitia juu juu: magunia ya sukari yaliyoandikwa kwamba yalishushwa siku ambayo hakuna meli iliyotia nanga. Magendo ambayo mzee aliyafukuza kwenye bandari bubu sasa yanapita mlangoni, yakiwa na mhuri. Jicho la mbali lisingesaidia kitu.

Sasa jina lina mantiki mpya. Mwewe ni anayeona. Wa kwanza aliona mbali, wa pili anaona karibu, na wezi wamehama kutoka mbali kuja karibu.

Hatua ya 4: Liache jina limpinge

Pete ya Green Lantern huendeshwa na nia inayoushinda woga. Kampuni ya komiki ya DC walipompa pete Jessica Cruz, walimpa mwanamke ambaye hofu ilikuwa imemfungia nyumbani kwa miaka. Kuwasha pete tu, kwake, ni vita. Huo ndio urithi unaofaa kusomwa: joho linadai kile ambacho mvaaji anacho kwa shida.

Jane Foster alipolibeba jina la Thor mwaka 2014, Jason Aaron na mchoraji Russell Dauterman walimpa gharama kali kuliko zote ninazozijua. Jane ana saratani ya matiti. Kila anapogeuka Thor, mageuzi hayo yanaziondoa dawa za saratani mwilini mwake kama sumu, na saratani yenyewe inabaki. Anapookoa watu anajiua, na anajua. Huhitaji hotuba yoyote kuhusu wanawake wakati ukurasa unakuonyesha hivyo.

Kwa Rehema orodhesha, bila huruma, kila kitu ambacho jina Mwewe linamdai na hana. Jicho la mbali. Kuruka juu ya mapaa saa saba mchana. Kifua wazi juani. Kisha usimsaidie kwa ujanja wa miujiza. Hapa naomba tusikilizane: usimpe nguvu zinazotokana na ngozi yake. Imani kwamba mwili wa mtu mwenye ualbino una nguvu za ajabu ndiyo iliyoleta mauaji yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa miaka ya 2000. Katuni inayosema "ngozi yake inang'aa na kuwafukuza maadui" inarudia maneno ya mganga, hata kama mwandishi alikuwa na nia njema. Kila aina ya mrithi ina mtego wake wa namna hii. Utafute kabla haujakunasa.

Kitakachomsaidia Rehema kiwe cha dunia hii: saa za kazi zihamie alfajiri na usiku, filimbi ya mzee iwe mawasiliano kati yake na makuli vijana wanaomtazamia ng'ambo ya gati, na kumbukumbu yake ya namba iwe kali. Wally West alipolipokea jina la Flash baada ya Barry Allen kufa mwaka 1985, mwanzoni alikuwa na kasi ndogo kuliko ya mtangulizi wake. Wasomaji hawakumkimbia. Walikaa naye miaka zaidi ya 20.

Hatua ya 5: Vazi lieleze safari

Mfano bora ni Kamala Khan, kijana wa Jersey City, mtoto wa wazazi kutoka Karachi. G. Willow Wilson na mchoraji Adrian Alphona walimpa kitabu chake Februari 2014, akiwa Ms. Marvel, jina ambalo Carol Danvers alikuwa ameliacha alipopanda kuwa Captain Marvel mwaka 2012. Siku ya kwanza ya nguvu zake, Kamala anageuka kuwa Carol mwenyewe: nywele za dhahabu, vazi lile la zamani la miguu wazi. Ndicho alichoomba. Na ndani ya mwili huo anagundua kwamba kuwa mtu mwingine kunachosha. Anachofanya baadaye ni kuchukua burkini, vazi la kuogelea la kusitiri mwili, na kushona vazi lake kutokana nayo, akabakiza ile alama ya radi.

Jaribu mpangilio huo. Kwanza mrithi aige, ionekane vazi halimkai. Kisha abakize alama moja tu ya mtangulizi, mengine yote yatokane na maisha yake. Alama moja inatosha. Zaidi ya hapo anakuwa mtu wa maonyesho.

Rehema usiku wa kwanza anavua shati kama picha ya Mwewe iliyochorwa ukutani sokoni, anabaki na singlendi, na alfajiri inamkuta bado yuko gatini. Mabega yanabanduka. Toleo linalofuata ana mikono mirefu, kofia pana ya wavuvi, na kichupa cha mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, yale yanayotengenezwa Moshi, mfukoni. Alama aliyobakiza ni filimbi. Mchoraji, kofia hiyo itakupa kivuli cha kuficha uso bila kinyago, itumie.

Hatua ya 6: Mtaa useme

Watu wa ndani ya hadithi lazima wawe na maoni kuhusu mrithi, kwa sababu wasomaji wako watakuwa nayo. Sam Wilson alipochukua msimamo wa kisiasa, ndani ya komiki yenyewe kukawa na kampeni ya kumtaka arudishe ngao. Waandishi hawakujifanya kwamba Marekani nzima ingempigia makofi.

Ila gawa maoni hayo kama mtaa wa kweli unavyoyagawa. Yuko anayempinga kwa chuki. Yuko pia mama mwenye duka anayempinga kwa sababu anampenda na anamwogopea. Yuko mzee wa kijiweni anayesema Mwewe ni mmoja tu, wengine ni kuku, na siku ya hatari ndiye anayefungua geti. Matusi kama "zeruzeru" au "dili" yakitokea, yatoke kinywani mwa mhusika ambaye tumeshamjua ni wa namna gani, mara chache, na kamwe yasiwe kwenye kisanduku cha msimulizi.

Hatua ya 7: Chunga mlango wa kuingilia

Mwaka 2012 DC ilimleta Simon Baz, Green Lantern Mmarekani wa asili ya Lebanoni kutoka Dearborn, Michigan. Hadithi inafunguka na mashambulizi ya Septemba 11 kwenye runinga, kisha tunamkuta ameiba gari ambalo lina bomu ndani, anashukiwa ugaidi. Najua nia ilikuwa kupinga shutuma hizo. Lakini kitu cha kwanza alichokijua msomaji juu ya mtu huyu ni shutuma yenyewe, na kila alichofanya baadaye kilisomeka kama utetezi mahakamani. Mlinganishe na Kamala. Yeye tunaanza kumfahamu akinusa mkate wenye nyama ya nguruwe dukani, anautamani na hawezi kuula. Hakuna aliyemshtaki kwa lolote. Tayari tunacheka naye na tunaijua imani yake.

Kitabu cha Kamala kilipata tuzo ya Hugo, ya hadithi za kisayansi na za njozi, mwaka 2015. Mwandishi wake ni Mwislamu, na Sana Amanat, mmoja wa wahariri waliomzaa mhusika huyo, alikulia New Jersey katika familia ya Kipakistani. Huwezi kulitunga tukio la mkate ule kwa kusoma ensaiklopidia. Kwa hiyo kama huna maisha ya mrithi wako, watafute walionayo kabla ya mchoro wa kwanza wa rasimu, si baada ya wino kukauka. Kwa Rehema ningeanza na Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania. Uliza maswali madogo: asubuhi unaanza na nini? Daladala unaijuaje ikiwa mbali? Nani anakuudhi kwa wema? Majibu ya maswali madogo ndiyo yanayojaza fremu. Na mtu akikupa muda wake, mlipe au mtaje kwenye shukrani, kama anataka kutajwa.

Hatua ya 8: Linda jina, na usiibe la mwingine

Usimchore Spider-Man wa Dodoma ukamuuza. Jina lina mwenyewe. Historia ya jina Captain Marvel peke yake ni somo: shujaa wa kwanza kuitwa hivyo ni wa mwaka 1940, leo yuko DC, na vitabu vyake vinauzwa kwa jina la Shazam kwa sababu alama ya biashara ilishakwenda kwa kampuni ya Marvel. Tunga ukoo wako mwenyewe. Tanzania Bara alama ya biashara husajiliwa BRELA na hakimiliki hushughulikiwa na COSOTA. Kenya ni KIPI na KECOBO. Mkiwa wawili, mwandishi na mchoraji, andikianeni mapema nani anamiliki Mwewe, na nani ana ruhusa ya kumtunga Mwewe wa tatu.

Hatua ya 9: Amua leo nini kitatokea wa kwanza akirudi

Mashujaa wa zamani hurudi. Hal Jordan alirudi kati ya 2004 na 2005, Barry Allen mwaka 2008, Steve Rogers akawa tena Captain America mwaka 2016. Swali ni mrithi anaachwa wapi. Aliyeniuma zaidi ni Monica Rambeau, ofisa wa doria ya bandari wa New Orleans aliyekuwa Captain Marvel tangu mwaka 1982 na akafika kuongoza kikosi cha mashujaa cha Avengers. Mwaka 1996 jina likapewa Genis-Vell, mtoto wa yule Captain Marvel wa Marvel wa mwaka 1967, na Monica akawa anahamishwa kutoka jina hadi jina kama mpangaji. Mwanamke aliyekuwa ameifanya kazi vizuri aliambiwa, kwa lugha ya njama, kwamba mwenye nyumba amerudi.

Njia nzuri zipo. Mwaka 1961 Barry Allen na Jay Garrick walikutana katika hadithi moja, wote wawili wakiitwa Flash, na hakuna aliyepungua. Ipo pia njia ya kurudi nyuma: mwaka 2003 Robert Morales na Kyle Baker walimleta Isaiah Bradley, askari mweusi aliyevaa vazi la Captain America vitani na kisha akafungwa jela na nchi yake, baada ya jeshi kuwafanyia askari weusi majaribio. Aliyetungwa mwisho akawa miongoni mwa wa mwanzo kabisa, na tangu hapo ngao haikutazamika kwa jicho lile lile. Ukiona ukoo wako una pengo, jiulize nani alikuwepo na hakuandikwa. Pengine gatini miaka ya 1970 palikuwa na mwanamke aliyempigia Mwewe filimbi kutoka nchi kavu.

Kwa Rehema nimeshaamua. Toleo la sita, mzee amekubali kwenda kufanyiwa upasuaji, bandeji zimetoka, anaona. Anashuka bandarini alfajiri. Fremu ya kwanza: kofia pana, mgongo. Ya pili: Rehema anageuka na hamtambui, yuko mbali mno. Mzee anasogea hatua, nyingine, nyingine, mpaka wanatoshana kuonana.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mkono wa Rehema unakwenda shingoni, unaivua filimbi. Mzee anaitazama, kisha anatoa mkebe wa gundi, ananyoosha kidole kwenye ufa mdogo pembeni ya filimbi, na wanakaa chini kuutengeneza kabla jua halijatoka.